Masta ya mazingira kwa anayelenga upangaji wa miji, utafiti ufanyikie Kigoma: nianzie wapi?

Mwana_Mwanga

Habari zenu wakuu.

Nina shahada ya kwanza ya Jiografia na Mazingira, wastani wa 3.4, naishi Mwanga hapa Kigoma. Mwaka ujao wa masomo nataka kuanza masta ya sayansi ya mazingira. Kazi ninayoilenga hasa ni upangaji wa miji upande wa uhifadhi: kujua wapi mji usijengwe, kwa nini, na kuweza kulitetea hilo mbele ya halmashauri.

Naomba msaada kwenye haya. Chuo kipi kinafaa? Mtu asiye na shahada ya mipangomiji anaruhusiwa kufanya kazi hiyo? Data za Kigoma zinapatikana wapi kwa asiye na hela ya kununua picha za setilaiti? Vibali vinaanzia ofisi gani?

Mada niliyoandika mpaka sasa ni "Athari za ukuaji wa mji kwa mazingira ya Ziwa Tanganyika". Ikosoeni, niko tayari.

Mpangamiji_Gungu

Mdogo wangu, naanza na mada kwa sababu ndiyo itakayokuchagulia chuo.

Hiyo mada haibebeki. Ziwa lina urefu wa kilomita 670 na zaidi kidogo, kina chake kirefu ni mita 1,470, na linagusa nchi nne. Tasnifu ya masta ina mwaka mmoja wa masomo ya darasani na kama mwaka mwingine wa utafiti, na ndani ya huo utafiti miezi ya kukaa uwandani haizidi mitatu au minne. Tafuta eneo unaloweza kulizunguka kwa miguu, kitu kimoja kinachopimika, na uamuzi wa mamlaka fulani ambao jibu lako litaugusa. Hilo la mwisho ndilo wengi huliacha, halafu tasnifu inabaki kabatini.

Kwa Kigoma/Ujiji maamuzi hayo yanajulikana yako wapi. Manispaa huandaa michoro ya mipangomiji na ya urasimishaji wa makazi, hutoa vibali vya ujenzi, huamua mtaro upite wapi. NEMC, baraza la taifa la mazingira, inasimamia tathmini ya athari kwa mazingira, ile tunayoiita TAM. Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Tanganyika, ambayo makao yake yako hapa hapa Kigoma, inasimamia vyanzo vya maji na vibali vya kuyatumia. Amua mapema nani kati ya hao ndiye msomaji wako. Lugha ya ripoti, ukubwa wa ramani, hata vipimo vitabadilika kumfuata yeye.

Kuhusu kuruhusiwa: masta ya mazingira haikupi haki ya kusaini mchoro wa mipangomiji. Hiyo ni ya mpangamiji aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wataalamu wa Mipangomiji kwa sheria ya mwaka 2007, na usajili huo unategemea shahada ya fani yenyewe. Unachoweza kupata kwa njia yako ni usajili wa mtaalamu wa mazingira kupitia NEMC, unaokuwezesha kufanya TAM na ukaguzi wa mazingira. Kwenye timu ya mpango kabambe wa mji, mtu wa mazingira ana sura zake nzima: maeneo hatarishi, vyanzo vya maji, maeneo ya wazi, taka. Ukitaka uwezo wa kusaini mchoro, basi unahitaji kwanza shahada ya mipangomiji yenyewe, na kwa lengo ulilolieleza sioni kama inakulazimu.

Vyuo: Chuo Kikuu Ardhi kina faida moja kubwa, mipangomiji, upimaji na uhandisi wa mazingira viko chuo kimoja, hivyo unaweza kuwa na msimamizi wa mazingira na mshauri wa mipangomiji bila kuvuka jiji. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina Taasisi ya Tathmini ya Rasilimali, nzuri kwa anayechanganya sera, jamii na ramani. Sokoine ni mahali pa udongo, misitu na mabonde ya maji. Nelson Mandela ya Arusha ina nguvu kwenye ubora wa maji na maabara. Chuo Kikuu Huria humfaa aliye kazini. Wastani wako unatosha. Kiwango cha kawaida cha kuingilia masta ni 2.7, na aliye chini yake hupitishwa kwanza kwenye stashahada ya uzamili.

Usichague kwa jina la programu. Ingia kwenye hifadhi ya tasnifu ya mtandaoni ya kila chuo, tafuta kazi zilizofanyika Kigoma, Tabora na miji ya kandokando ya maziwa, uone nani alisimamia. Ukipata wasimamizi wawili waliowahi kushughulika na kingo za maji mijini, waandikie kila mmoja ukurasa mmoja tu: tatizo, eneo, kipimo, na nani atatumia jibu. Barua ya kurasa tano yenye historia ya mabadiliko ya tabianchi duniani haisomwi.

Ramani_Magharibi

Mimi nijibu la data.

Kabla ya yote, kanda ya UTM, ule mfumo wa ramani unaoigawa dunia kwa kanda za nyuzi sita. Mpaka wa kanda ya 35 na ya 36 unapita nyuzi 30 mashariki, na mkoa wetu umekatwa na mstari huo. Mji wa Kigoma uko karibu nyuzi 29.6, kwa hiyo ni kanda 35 Kusini, ambayo kwenye programu za ramani huitwa EPSG:32735. Kasulu na Uvinza ziko kanda 36 Kusini, EPSG:32736, sawa na Tabora na Dodoma. Wanafunzi wengi hufundishwa kwa mifano ya kanda 36 au 37, wakifika Kigoma wanaacha mpangilio ule ule. Namba za GPS za kanda 35 zikisomwa kama za kanda 36, pointi za Kibirizi, hapa mjini Kigoma kando ya ziwa, zinaangukia upande wa Kondoa, mkoani Dodoma. Kosa hilo ni jepesi kuligundua. Gumu ni la Arc 1960, mfumo wa zamani wa rejea wa vipimo: ramani za zamani za 1:50,000 na michoro mingi ya upimaji iko kwenye Arc 1960, wakati simu na setilaiti ziko kwenye mfumo wa WGS84. Ukizichanganya bila kubadilisha unapata mhamo wa takriban mita 300, mwingi wake kaskazini-kusini. Nyumba zilizo mlimani zitaonekana zimo ziwani, au mbaya zaidi, zitaonekana ziko salama.

Picha za bure: setilaiti ya Sentinel-2 kwa miaka ya 2016 kuja huku, pikseli (kijiraba kimoja cha picha) mita 10. Kwa nyuma tumia Landsat, pikseli mita 30, ukijua kwamba Landsat 7 tangu mwishoni mwa Mei 2003 ina michirizi mitupu, na Landsat 8 inaanzia 2013. Ukanda wa ziwa wa mita 60, ule ambao sheria inakataza kujenga, ni pikseli mbili tu za Landsat. Usijaribu kuhesabu nyumba ndani yake kwa picha hiyo. Itumie kuonyesha mwelekeo wa mji mzima tu.

Mwezi wa picha una uzito kuliko watu wanavyodhani. Masika hapa huanza Oktoba au Novemba mpaka Aprili au Mei, mawingu tele. Kiangazi anga ni safi, ila kuanzia Julai moshi wa mioto unaanza, nyasi zimekauka, mashamba yako wazi, na ardhi tupu inafanana na bati lenye kutu kwa namna ambayo programu haiwezi kutofautisha. Juni ndiyo bora: mawingu yamepungua na majani bado yana kijani. Chukua mwezi ule ule kwa kila mwaka unaoulinganisha. Ukilinganisha Juni 2017 na Septemba 2024 utatangaza ukataji wa miti ambao haukutokea, ni majani tu yaliyopukutika.

Kosa la pili la Ujiji ni miembe na michikichi ya uani. Mti mkubwa unaifunika nyumba, na pikseli ya mita 10 inasema "uoto". Ukitegemea kipimo cha ukijani pekee, mitaa ya zamani itahesabiwa kama haijajengwa. Changanya na maumbo ya majengo ya Open Buildings ya Google na ya OpenStreetMap, yote ni ya bure. Open Buildings ina alama ya uhakika kwa kila jengo. Chuja zile za chini, kisha kagua kwa macho, maana mawe makubwa ya ufukweni na mitumbwi iliyopangwa mwaloni huweza kusomeka kama nyumba.

Pointi za kuhakiki ziwe angalau 50 kwa kila tabaka la ramani (majengo, uoto, maji), na zisiwe zile ulizotumia kuifundisha programu. Mtahini wa nje huliuliza hilo kwanza.

Nyaraka zingine: matokeo ya Sensa ya 2022 yapo mpaka ngazi ya kata, na mwaka huo majengo nayo yalihesabiwa. Kigoma na Tabora zote zimo kwenye mradi wa TACTIC wa kuboresha miundombinu ya miji, na Kigoma ilikuwa pia kwenye ule wa Miji Mkakati uliotangulia. Miradi hiyo ni ya fedha za Benki ya Dunia, hivyo ripoti zake za tathmini ya mazingira zinawekwa wazi mtandaoni. Humo kuna vipimo vya mitaro, mvua na udongo ambavyo ungetumia miezi kuvitafuta.

Mwana_Mwanga

Asanteni sana. Nimeibana mada: ukanda wa mita 60 wa kando ya ziwa, Kibirizi pekee. Nichore mstari wa maji kwa picha, nipime mita 60 kwa programu ya ramani ya QGIS, nihesabu majengo yaliyo ndani. Kwa mwinuko nitumie SRTM, data ya bure ya mwinuko iliyopimwa kutoka angani, ili nione maji yakipanda mita mbili yatafika wapi. Inatosha kwa masta?

Maji_ya_Bonde

Hesabu ya majengo inafanyika kwa siku mbili, peke yake haitoshi. Lakini swali ulilolishika ni kubwa kuliko unavyoliona, ni hili: mita 60 kutoka wapi?

Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kinakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 za ufukwe wa ziwa au kingo za mto, na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 inalinda ukanda huo huo. Kwenye mto mwembamba wenye kingo wima, hilo halina shida. Ziwa Tanganyika mstari wake unatembea. Liko karibu mita 773 juu ya usawa wa bahari kwa miaka mingi ya kawaida, lakini mwaka 1964, baada ya mvua kubwa za miaka ile, lilipanda sana, na limepanda tena mwaka 2021 na 2024 mpaka nyumba, barabara na miundombinu ya mialo kufikiwa na maji. Nyuma zaidi, katika miaka ya 1870, lilikuwa karibu mita kumi juu ya kiwango cha leo, kwa sababu mdomo wa mto Lukuga ulio upande wa Kongo, ambao ndio njia pekee ya maji kutoka, ulikuwa umezibwa na mchanga na uoto. Ulipofunguka mwaka 1878 maji yakashuka. Nenda Ujiji kwenye kumbukumbu ya Livingstone na Stanley ya mwaka 1871 uone umbali uliopo sasa kutoka pale hadi ziwani.

Hesabu ndogo. Ufukwe wenye mteremko wa asilimia 1, ziwa likipanda mita 2, mstari wa maji unaingia nchi kavu mita 200. Mteremko wa asilimia 5, unaingia mita 40. Wa asilimia 20, mita 10. Kwa hiyo mita 60 zilezile zinalinda vizuri kwenye majabali ya Bangwe na hazilindi kitu kwenye ufukwe tambarare. Hapo ndipo penye tasnifu: kulinganisha ukanda wa umbali mmoja na ukanda unaofuata mwinuko, kisha kuonyesha nani anaguswa na kila mmoja.

Kwa sababu hiyo SRTM haikufai kabisa. Pikseli yake ni mita 30 na makosa yake ya wima ni mita kadhaa, wewe unatafuta tofauti ya mita mbili. Isitoshe inasoma kilele cha mti au paa, si ardhi. Data ya mwinuko ya Copernicus ya mita 30 ni bora kidogo, lakini tatizo ni lile lile. Na kila moja ina usawa wake wa rejea, yaani sifuri ya kuanzia kupima mwinuko, EGM96 kwa SRTM na EGM2008 kwa Copernicus, wakati alama za upimaji za nchi zina usawa mwingine. Ukizichanganya unajitengenezea mafuriko ya kwenye karatasi.

Pima mwenyewe. Chukua kilomita moja ya ufukwe. Kila baada ya mita 50 weka mstari wa kupimia unaotoka majini kwenda nchi kavu mita 200, hivyo unapata mistari 21. Kwenye kila mstari soma mwinuko kila mita 5, na ongeza pointi kila ardhi inapovunjika: ukingo, ukuta, mtaro. Ni pointi 860 hivi kwa uchache. Kwa GNSS ya aina ya RTK, yaani GPS ya wapimaji yenye usahihi wa sentimita, watu wawili wanazimaliza kwa siku tatu au nne. Kwa kifaa cha kupimia usawa na rula ni kama wiki mbili. Simu haiwezi, kosa lake la wima ni kubwa kuliko kitu unachokitafuta. Kifaa omba kwa barua kwenye idara ya ardhi ya manispaa, kwa mpimaji aliyesajiliwa, au chuoni kabla hujapanda treni.

Jambo la kuunganisha kila kitu: soma kipimo cha kina cha ziwa cha bandarini siku ile ile unayopima mstari wa maji. Fanya hivyo asubuhi mapema, kabla upepo haujaamka. Mei hadi Septemba upepo wa kusini husukuma maji na mawimbi, na mstari wa saa nane mchana si wa saa moja asubuhi. Pia kuna panda-shuka ya kila mwaka, maji huwa juu karibu Aprili na Mei, chini karibu Oktoba na Novemba, tofauti mara nyingi haifiki mita moja. Ukipima Oktoba ukaita huo "ufukwe", umewapa watu ruhusa ya kujenga palipo na maji mwezi wa Mei. Rekodi za miaka ya nyuma ziombe Bodi ya Bonde kwa barua ya chuo, uombe za kila siku na maelezo ya alama ya sifuri ya kipimo. Bila hiyo sifuri huwezi kuzioanisha na mwinuko wako.

Miombo_Tabora

Nakubaliana na hesabu ya hapo juu, ila niweke wazo jingine. Mstari wa ziwa una mgogoro, na mwenye nyumba pale hana atakachofanya kuhusu kiwango cha ziwa. Makorongo yanayotoka vilimani kushukia mjini yanaweza kurekebishwa na manispaa yenyewe, na ndiyo yanayobeba mchanga mpaka ziwani. Samaki wengi wa Tanganyika wasiopatikana kwingine duniani wanaishi kwenye mawe ya kando. Mchanga ukifunika mawe, mwani wanaokula na mianya wanayojifichia vinapotea. Ukitaka uhifadhi na mji vikutane mahali pamoja, ni hapo.

Hesabu ya mwanzo ni nyepesi. Kwa bonde dogo, mtiririko wa kilele kwa mita za ujazo kwa sekunde ni kigawo cha utiririkaji (sehemu ya mvua inayotiririka bila kuzama ardhini), mara kasi ya mvua kwa milimita kwa saa, mara eneo kwa hekta, gawanya kwa 360. Hekta 20 za kilima chenye vichaka, kigawo 0.3, mvua ya milimita 60 kwa saa: mita 1 ya ujazo kwa sekunde. Kilima kile kile kikijaa mabati na nyua zilizofagiliwa, kigawo kikafika 0.7: mita 2.3. Mtaro uliojengwa kwa mtiririko wa kwanza unafurika na kuchimba kando, na korongo jipya linaanza pale saruji inapoishia. Kosa la kawaida ni kutumia wastani wa mvua ya mwezi badala ya kasi ya mvua ya muda mfupi. Omba Mamlaka ya Hali ya Hewa rekodi za kituo. Data za mvua za setilaiti za CHIRPS ni za bure tangu 1981, lakini pikseli yake ni kilomita 5 hivi na inatoa jumla ya siku, haitakupa dhoruba ya nusu saa.

Na usisahau mabonde yasiyo na njia ya kutokea. Katubuka maji hukusanyika hivyo. Pale kuongeza mtaro wa kuyaingiza ni kuongeza tatizo, unahitaji pa kuyatolea.

Anayesoma akiwa Tabora, mambo ni mengine: mji ni tambarare, swali ni mbuga za udongo mweusi zinazotuamisha maji halafu zinagawiwa viwanja wakati wa kiangazi zikiwa kavu, na bonde linalolisha bwawa la Igombe ambako miombo inakatwa kwa mkaa na kukausha tumbaku. Huko picha ya Septemba ni hatari zaidi maana miombo hupukutisha.

Mama_Kata

Mwanangu, umepata ushauri mzuri wa vifaa. Sasa watu.

Ukiwa umesajiliwa chuo cha ndani, barua ya kibali cha utafiti inatoka chuoni kwako. Inakwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, kisha Katibu Tawala wa Wilaya, kisha Mkurugenzi wa Manispaa, ambaye atakuandikia kwa watendaji wa kata, nao kwa mwenyekiti wa mtaa. Usiruke ngazi hata kama unamfahamu mwenyekiti. Nenda na nakala za kutosha na uache moja kila ofisi ikiwa imegongwa muhuri wa kupokelewa. Jipe wiki mbili. Aliyesajiliwa chuo cha nje hupitia COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, na akitaka kuingia Gombe au Mahale anahitaji pia TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori, na TANAPA, shirika la hifadhi za taifa.

Kibirizi na Katonga, kijana akionekana na kifaa cha kupimia na daftari, neno linalotembea ni bomoabomoa. Kuanzia hapo majibu yote yanaharibika: mpangaji anasema ni mwenye nyumba, mwenye nyumba anasema hayupo, mwaka wa kujenga unarudishwa nyuma. Kwa hiyo, kwanza kaa na mwenyekiti na wazee wa mtaa, waeleze kwamba hutoi namba za nyumba kwa ofisi yoyote, halafu ulitimize hilo kweli. Usiandike majina. Usipige picha ya mbele ya nyumba. Usiweke alama ya rangi ukutani, kamwe. Chaki yenyewe inatosha kuleta taharuki. Kwenye ramani ya tasnifu onyesha makundi ya nyumba, usionyeshe nyumba moja moja.

Dodoso lianze na maji yalifika wapi mwaka 2021 na 2024. Watu wanakumbuka, watakuonyesha alama ukutani kwa mkono, na hiyo alama unaipima mwinuko. Inakupa data na inafungua mazungumzo. Maswali ya umiliki na hati yaweke mwisho.

Muda nao: wavuvi wa dagaa wanatoka usiku wa giza, mbalamwezi wanapumzika. Panga mahojiano ya kaya za wavuvi siku za kuuzunguka mwezi mpevu, vinginevyo utakutana na waliolala mchana na watoto tu. Angalia pia kama kuna kufungwa kwa uvuvi. Mwaka 2024 ziwa upande wetu lilifungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, na swali la kipato lililoulizwa miezi hiyo halilingani na la miezi mingine. Kwa kaya, kanuni ya Yamane ya kukokotoa ukubwa wa sampuli inatosha: kaya 2,000 kwa kosa la asilimia 5 ni dodoso 333. Lakini kwa mada yako kaya 120 zilizochaguliwa kufuata mwinuko, 40 za chini, 40 za kati, 40 za juu, zitakuambia mengi kuliko 333 zilizotawanywa.

Bangwe_Juu

Niongeze la ufadhili kwa ufupi. Ufadhili wa Chevening wa Uingereza unataka saa 2,800 za kazi baada ya shahada na kurudi nyumbani miaka miwili ukimaliza. Kwa kawaida dirisha hufunguliwa Agosti. Kozi za maendeleo za DAAD ya Ujerumani zinataka angalau miaka miwili ya uzoefu na shahada isiyozidi miaka sita. Erasmus Mundus, ufadhili wa Umoja wa Ulaya, haisisitizi uzoefu kwa kiwango hicho. Kama huna uzoefu bado, omba kujitolea idara ya mazingira ya manispaa au Bodi ya Bonde, upewe barua yenye tarehe na kazi ulizofanya. Barua inayosema tu "alikuwa nasi" haisaidii.

Mwana_Mwanga

Nimeandika upya: "Ukanda wa umbali na ukanda wa mwinuko: ulinganisho wa njia mbili za kuweka mpaka wa hifadhi ya ziwa Kibirizi, Kigoma". Viwango vitatu vya maji: wa siku ya kupima, wa juu wa 2021, wa juu wa 2024. Majengo na kaya zinazoguswa kwa kila mstari. Kaya 120. Msomaji: idara ya mipangomiji ya manispaa. Makorongo nayaacha, ila naona uchungu.

Maji_ya_Bonde

Hiyo inafanyika. Rekebisha mawili. Ongeza kiwango cha nne, cha 1964, hata kama utakipata kwenye rekodi ya wastani wa mwezi tu, kwa sababu mpango kabambe unatazama miaka 20 na vilele viwili vya karibu havionyeshi ziwa linaweza kufanya nini. Na kabla ya kilomita nzima, pima mistari minne ya kwanza, mita 150 za ufukwe, urudie kesho yake kuanzia alama ile ile. Mwinuko ukitofautiana zaidi ya sentimita 5 kati ya siku hizo mbili, shida iko kwenye kituo chako cha rejea au kwenye fimbo inayozama mchangani. Weka kibao kidogo cha chuma chini ya fimbo ndipo uendelee.

Mpangamiji_Gungu

Nami niongeze kwenye sura ya mapendekezo: usiishie kuandika "sheria itekelezwe". Idara itataka kujua ukanda uliobaki utumike kwa nini, maana ardhi iliyoachwa wazi Kibirizi haikai wazi msimu mmoja. Pendekeza matumizi yanayovumilia kufurikiwa: kianikio cha dagaa kinachohamishika, bustani za msimu, matete yaachwe pale yalipo, miti ya kivuli juu ya mstari wa maji ya juu. Mkalitusi usiuweke. Yalinganishe na Kanuni za viwango vya mipangomiji za 2018 ili afisa aweze kuyaingiza kwenye mchoro moja kwa moja, kisha umpe faili za ramani pamoja na tasnifu, zikiwa EPSG:32735.